Mto Ruzizi: kabla ya kuuliza "nani amefungua maji?", tarakimu za mabwawa zitolewe kwa raia

Kila mwaka, mvua kali inaponyesha kati ya Machi na Mei, swali moja hurudi katika uwanda wa Ruzizi. Maji ya mto yanapanda, mashamba ya kandokando yanazama, na upande wa Burundi wakaaji wa Gatumba wanaanza tena kubeba magodoro kichwani. Kabla kiongozi yeyote hajasema neno, simu zimekwisha jaa ujumbe wa sauti: "Wamefungua baraji!" Nani amefungua? Huko Uvira wengi hujibu kwamba ni Rwanda. Ng'ambo ya mto wapo wanaojibu kwamba ni Wakongomani. Wengine husema ni watu wa umeme, ambao hawajali mtu. Hakuna anayeonyesha tarakimu hata moja, kwa sababu tarakimu hizo hazimfikii.

Mbele ya vita, njaa na watu waliokimbia makwao, jambo hili linaweza kuonekana dogo. Si dogo. Katika sehemu ambamo uvumi mmoja unatosha kuwagombanisha jirani na jirani, maji yanayopanda usiku bila maelezo ni hatari mara mbili: yanaharibu mali, halafu yanatafutiwa mwenye kosa. Tena bila tarakimu za mabwawa, hata mtaalamu mwenye kompyuta nzuri hawezi kusema kesho mto utakuwa wapi. Atakisia tu, kama mtu wa kawaida anavyokisia, ila yeye atakisia kwa michoro ya rangi.

Ruzizi si mto ulioachwa ujiendee wenyewe. Unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, karibu meta 1.460 juu ya bahari, na kushuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo liko chini zaidi kwa meta karibu 690. Kilometa chache tu baada ya kutoka ziwani, unakutana na bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, na ambalo leo liko mikononi mwa SNEL. Chini yake kuna Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Kongo, Rwanda na Burundi. Mbele zaidi kunangojewa Ruzizi III, mradi wa megawati 206 ambao umezungumzwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tangu zaidi ya miaka 60, maji yanayotoka Kivu yanapita penye mlango, na mlango una mtu anayeushika. Mtu huyo si mwovu. Ana kazi yake: kulinda turbini, kupata umeme wa jioni watu wanapowasha taa, na kutunza maji ya ziwa ili yasiishe wakati wa kiangazi. Lakini kila uamuzi wake unafika hadi kwa mwanamke anayefua nguo Kamanyola na kwa mkulima wa mpunga wa Luberizi.

Sentimeta moja ya Ziwa Kivu

Ili kuelewa uzito wa mlango huo, inatosha kufanya hesabu ya shule ya msingi. Ziwa Kivu lina eneo la kilometa za mraba karibu 2.400. Sentimeta moja ya maji juu ya eneo hilo lote, yaani unene unaolingana na upana wa kidole kidogo, ni meta za ujazo milioni 24. Mto Ruzizi unapotoka ziwani hubeba, kwa wastani, maji yanayokaribia meta za ujazo 100 kwa sekunde. Kwa siku nzima hiyo ni karibu milioni 8 na nusu. Maana yake, sentimeta moja ya ziwa ni sawa na maji ya mto mzima kwa karibu siku tatu. Sentimeta 10 ni karibu mwezi mzima.

Basi msimamizi wa bwawa anaweza kuzuia au kuongeza maji mengi sana mtoni bila mvuvi wa Idjwi kuona tofauti yoyote kwenye jiwe anapofungia mtumbwi wake. Ziwa linaficha, mto unaonyesha. Hapo ndipo modeli nyingi za mito hukosea.

Modeli ya mto, kwa maneno mepesi, ni hesabu ndefu inayofanywa na kompyuta. Inachukua mvua iliyonyesha, inatoa maji yaliyonywewa na udongo na mimea, inatoa yaliyopanda hewani kwa joto la jua, halafu inayateremsha yaliyobaki kutoka mlimani hadi bondeni, saa kwa saa au siku kwa siku. Ikifanywa vizuri, inaweza kuonya kwamba kesho kutwa maji yatafika kimo fulani. Kwa mito isiyo na bwawa, kazi hiyo inaenda vizuri kiasi.

Lakini kila familia ya Bukavu au Uvira inayohifadhi maji ndani ya tangi, kwa sababu robine inakauka siku tatu kwa juma, inajua jambo moja. Kuangalia mvua inayoanguka juu ya bati hakutoshi kujua maji mangapi yatatoka chini ya tangi. Inafaa kujua pia nani ameshika robine, na anaifungua saa ngapi. Modeli isiyo na bwawa ndani yake ni kama mtu anayehesabu matone ya mvua juu ya bati na kusahau kwamba robine ipo.

Ubaya hauishii hapo. Modeli ya namna hiyo inapokosea, fundi wake hutafuta kuirekebisha. Kwa kuwa hana habari za bwawa, anageuza vitu vingine: anasema udongo unakunywa zaidi, au jua linakausha zaidi, mpaka mstari wa kompyuta ulingane na vipimo vya zamani. Mstari unapendeza, ripoti inapigwa muhuri, mfadhili anafurahi. Lakini jibu limekuwa sahihi kwa sababu ya uongo. Siku bwawa litakapobadilisha mwendo wake, turbini moja ikiharibika au mashini mpya ikifungwa, mstari huo utaachana na mto, na hakuna atakayejua kwa nini.

Kwa Ruzizi mabadiliko kama hayo si ya kufikirika. Wakaaji wa Bukavu wameona mara nyingi jinsi chupa na mifuko ya plastiki inavyoshuka kutoka mitaani, kuingia ziwani na kujazana mbele ya Ruzizi I, hadi mashini zinasimama na delestaji inaanza. Turbini ikisimama, maji hayapiti tena njia ile ile kwa kadiri ile ile. Hakuna modeli ya mvua itakayokisia mfuko wa plastiki. Tarakimu ya bwawa pekee ndiyo itakayosema kwamba leo mashini moja haikufanya kazi.

Kinachosemwa kweli na kinachosemwa bure

Hapa inafaa kusema ukweli wote, hata ule usiopendeza wenye kulaumu mabwawa kwa kila kitu.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mji wa Uvira ulipigwa na mafuriko yaliyoua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Maji hayo hayakutoka Kivu. Yalitoka katika mto Mulongwe, unaoshuka moja kwa moja kutoka milima iliyo juu ya mji na kuingia Ziwa Tanganyika. Mulongwe haina bwawa la umeme na haikutani na Ruzizi. Hakuna mlango wa Bukavu ambao, kwa kufungwa, ungeokoa nyumba zile. Kule dawa ni nyingine: vipimo vya mvua huko juu milimani, miti, na ujasiri wa kukataza ujenzi ndani ya njia ya maji.

Vivyo hivyo kwa Ziwa Tanganyika lenyewe, ambalo katika miaka hii limepanda na kumeza nyumba, bandari na mashamba kutoka Uvira hadi Kalemie, Bujumbura na Kigoma. Wengi wanaamini kwamba ni "maji ya Rwanda" yaliyofunguliwa. Hesabu inakataa. Tuseme maji yote ya Ruzizi yanayotoka Kivu kwa mwaka mzima yaingie Tanganyika na yasitoke kabisa. Ni karibu kilometa za ujazo tatu. Ziwa Tanganyika lina eneo la kilometa za mraba karibu 32.900. Mwaka mzima wa maji ya Kivu, bila tone moja kupotea, ungeliinua kwa sentimeta zisizofika 10. Ziwa hilo linapandishwa na mvua inayoanguka juu yake na juu ya bonde lake lote, pamoja na mito mingine ya Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo. Maji yake mengi hupotea hewani kwa joto la jua, na yaliyobaki hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie.

Wazee wa ukanda huu wanakumbuka mvua za mwanzo wa miaka ya 1960, maziwa yote ya Afrika ya mashariki yalipopanda kwa pamoja. Mwisho wa mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 hali iliyofanana na hiyo ilirudi, na Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka kimo lilichofikia mwaka 1964. Hakuna bwawa la Ruzizi lililofanya hayo.

Je, hiyo inamaanisha kwamba bwawa halina neno? Hapana. Kwa ziwa kubwa la Tanganyika, mlango wa Bukavu ni jambo dogo. Kwa mto wenyewe, kutoka Mururu hadi Kamanyola na chini katika uwanda, mlango huo ni jambo kubwa sana. Tofauti ya meta za ujazo 50 kwa sekunde haionekani ziwani, lakini mtoni ni nusu ya maji yote ya kawaida. Ikijiunga na maji ya mito ya pembeni kama Ruhwa, Kaburantwa au Kagunuzi wakati wa mvua, inaweza kuamua kama shamba litazama au litapona. Wakati wa kiangazi inaweza kuamua kama mfereji wa kumwagilia mpunga utapata maji au utabaki matope.

Huu ndio ubaya wa kukosa tarakimu: raia analaumu bwawa mahali ambapo halina kosa, na hawezi kulidai chochote mahali ambapo kweli linahusika.

Funzo la Jinja

Eneo hili lina mfano wake wa karibu. Mwaka 1954 Waingereza walifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, Uganda, mahali mto Nili unapotoka Ziwa Victoria. Kwa kuwa nchi za chini, hasa Misri, ziliogopa kwamba maji yatachezewa, kulikubaliwa kanuni iliyo wazi: kwa kila kimo cha ziwa, bwawa litaachia maji yale yale ambayo mto ungeyatoa wenyewe kabla ya bwawa kujengwa. Ilikuwa meza rahisi ya tarakimu. Kila mwenye kipimo cha ziwa aliweza kujua mto unapaswa kubeba kiasi gani.

Kwa miaka mingi kanuni hiyo ilifuatwa kwa sehemu kubwa. Halafu kiwanda cha pili cha umeme kilijengwa hapo hapo, mahitaji ya umeme yakaongezeka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji yaliyoachiwa yakapita kanuni. Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa karibu miaka 80. Wavuvi na wenye bandari za Kenya, Tanzania na Uganda walilia. Serikali ilisema ni ukame. Wataalamu wa maji walifanya hesabu upya, wakaweka ndani yake mvua halisi na maji yaliyopita bwawani, na waliona kwamba ukame ulikuwa wa kweli, lakini karibu nusu ya kushuka kwa ziwa ilitokana na maji yaliyoachiwa kupita kiasi.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa hapo. La kwanza, ukweli ulikuwa katikati: mvua ilikosa, na mkono wa binadamu ulikuwepo pia. Kila upande ulikuwa na nusu ya haki. La pili, ukweli huo ulipatikana kwa sababu kulikuwa na kanuni iliyoandikwa na tarakimu za kulinganisha nayo. Bila hivyo, mabishano ya Jinja yangekuwa kama yale ya Ruzizi leo, sauti za WhatsApp na laana.

Modeli zinaweza kukisia, lakini si mpaka mwisho

Wataalamu wa dunia hawajakaa wakingoja wasimamizi wa mabwawa wawe wakarimu. Mwaka 2006 Naota Hanasaki na wenzake wa Japani walitoa njia ya kuweka mabwawa ndani ya modeli za mito ya dunia nzima, hata pale ambapo hakuna anayejua kanuni ya bwawa. Modeli inauliza maswali machache: bwawa hili linaweza kubeba maji kiasi gani, kwa kulinganisha na maji yanayoingia kwa mwaka? Ni la kumwagilia mashamba au ni la kazi nyingine? Kwa majibu hayo inakisia msimamizi angefanya nini kila mwezi. Njia hiyo na nyingine zilizofuata zilileta maendeleo ya kweli, kwa sababu hata kisio la akili kuhusu bwawa ni bora kuliko kulisahau kabisa.

Siku hizi kuna pia macho ya angani. Setilaiti zinapima kimo cha maziwa makubwa tangu miaka ya 1990. Desemba 2022 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya SWOT, inayopima kimo na upana wa maji katika maziwa na mito mingi duniani. Ukijua kimo cha ziwa leo na kimo chake juma lililopita, unajua maji mangapi yameongezeka au kupungua, na kutoka hapo unaweza kukisia bwawa limeachia kiasi gani.

Lakini turudi kwenye hesabu ya sentimeta moja. Katika Kivu, kosa la sentimeta chache katika kipimo cha angani ni sawa na siku nyingi za maji ya mto. Setilaiti hairudi pia kila saa. Inaweza kusaidia kujua mwendo wa majira, lakini haitamwambia mkaaji wa Kamanyola kwamba leo saa kumi na mbili jioni turbini ya pili imewashwa. Vivyo hivyo modeli inayokisia kwa mwezi haiwezi kuona kinachotokea kwa siku. Mahali ziwa ni kubwa na mto ni mdogo, hakuna akili ya kompyuta itakayochukua nafasi ya karatasi ambayo mfanyakazi wa bwawa huandika kila zamu.

Tarakimu zenyewe si siri ya ajabu. Bwawa la umeme haliwezi kufanya kazi bila kujua kimo cha maji mbele ya turbini, umeme uliotoka, na kama milango ya kumwaga maji ya ziada iko wazi. Umeme uliotoka peke yake, pamoja na kimo cha maporomoko, unatosha kuhesabu maji yaliyopita katika turbini. Kinachokosekana ni njia ya kuzitoa tarakimu hizo ofisini na kuzifikisha kwa watu.

Visingizio vitatu

Atakayepinga atasema kwanza: ni usalama wa nchi. Hoja hii haina nguvu. Kusema kwamba jana bwawa liliachia meta za ujazo 90 kwa sekunde hakumpi adui silaha yoyote. Ukuta wa bwawa unaonekana kutoka barabarani na kutoka angani. Marekani, ambayo haichezi na usalama wake, inaacha mashirika yake ya mabwawa, pamoja na yale ya jeshi, yatangaze kila siku kimo cha maji na kiasi kinachoachiwa. Kwa tarakimu hizo watafiti waliweza kukusanya historia ya mabwawa zaidi ya 600 ya nchi ile na kuzitumia kurekebisha modeli zao.

Atasema pili: nchi jirani haziaminiani. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kutoa tarakimu. Huko Asia, nchi za chini ya mto Mekong zimelalamika miaka mingi juu ya mabwawa ya China yaliyo upande wa juu. Kwanza China ilikubali kutoa vipimo vya majira ya mafuriko tu. Mwaka 2020 ilikubali kuvitoa mwaka mzima. Ugomvi haukwisha, lakini mazungumzo yalipata kitu cha kushika mkononi. Ruzizi ina bahati kuliko Mekong, kwa sababu Ruzizi II tayari ni mali ya nchi tatu, na nchi hizo hizo zimekubaliana kuunda ABAKIR, mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na mto Ruzizi. Meza ipo. Kinachongojewa ni kuweka karatasi juu yake.

Atasema tatu: kuna vita. Tangu Februari 2025 Bukavu iko chini ya AFC/M23, na uwanda wa Ruzizi umeona mapigano na watu kukimbia. Nani atampa nani tarakimu? Swali ni la haki. Lakini maji hayaulizi nani anatawala mahali gani. Yanashuka kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kuonyesha kitambulisho. Umeme wa mabwawa haya pia umeendelea kuhesabiwa katika miaka ya amani na ya vita, kwa kuwa lazima mtu alipwe. Ikiwa kilowati zinahesabiwa ili shirika lipate pesa, maji yanaweza kuhesabiwa ili mtu apate kulala.

Tarakimu tano kila asubuhi

Kinachofaa kudaiwa si kikubwa. Kila asubuhi, wasimamizi wa Ruzizi I na Ruzizi II watoe tarakimu tano: kimo cha Ziwa Kivu pale Bukavu, maji yaliyopita katika turbini za kila bwawa, maji yaliyomwagwa kupitia milango ya ziada, idadi ya mashini zinazofanya kazi, na mabadiliko yanayotazamiwa siku inayofuata. Tarakimu hizo ziende kwa ABAKIR, kwa idara za hali ya hewa za nchi tatu, kwa vyuo vikuu na kwa redio za mahali, kwa saa ile ile na kwa maneno yale yale.

Redio za Bukavu, Uvira na Bujumbura zinaweza kuzisoma kwa Kiswahili, Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda na Kirundi, kama zinavyosoma bei za soko. "Leo mto ni wa kawaida." "Leo jioni maji yataongezeka, wenye kuchimba mchanga wasikae mtoni." Kwa kuwa maji yanayopita Mururu hayafiki Kiliba kwa dakika tano, onyo linalotolewa mapema lina nafasi ya kuwatangulia.

Pamoja na hayo, vyuo vya Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigali vipewe tarakimu za miaka iliyopita, zile zilizofungwa katika makabati. Hizo ndizo zitakazofundisha modeli jinsi mabwawa haya yanavyofanya kazi kweli: yanaachia kiasi gani ziwa likiwa juu, yanabana lini, na siku ya Jumapili yanatofautiana vipi na Jumatatu. Kijana anayesomea maji katika chuo cha Uvira asilazimike kuomba vipimo vya mto wake kwa profesa wa Ulaya.

Kazi hiyo ifanyike kabla ya Ruzizi III, si baada yake. Bwawa la tatu litategemea maji yaliyokwisha kupita katika mawili ya kwanza. Likipangwa kwa modeli inayodhani kwamba mto ni wa asili, mikataba ya umeme itaandikwa juu ya maji ambayo huenda hayapo saa yanapohitajika, na mzigo utaanguka juu ya mteja anayelipa bili. Inafaa pia nchi tatu ziandike kanuni iliyo wazi ya kuachia maji ya Kivu, inayosomeka na kila mtu, kama meza ile ya Jinja. Isiwe tu kwa ajili ya umeme, bali iseme pia mkulima atabakiziwa kiasi gani wakati wa kiangazi, na mlango utafunguliwaje polepole wakati wa mvua.

Tarakimu hazitazuia mvua. Hazitarudisha nyumba za Mulongwe wala kushusha Ziwa Tanganyika. Wapo pia watakaokataa kuziamini hata zikisomwa redioni, kwa sababu mtu aliyedanganywa mara nyingi haponi kwa siku moja. Lakini mara nyingine maji yatakapopanda Kamanyola usiku, na mtu akatuma sauti akisema wamefungua baraji, mwingine ataweza kumjibu kwa kitu kingine zaidi ya hasira. Atasema: jana iliachiwa 95, leo imeachiwa 95, basi haya ni ya mvua. Au atasema: jana ilikuwa 95, leo ni 160, na hakuna aliyetuonya. Hapo atajua aende kugonga mlango gani, na akiwa na karatasi gani mkononi.